Sura ya Sita: Mstari Lazima Ufike Mahali

Magari mengi yaendayo Lindi na Mtwara hupita Daraja la Mkapa bila kupunguza mwendo. Anayesimama kupiga picha karibu kila mara huipiga ile ile: anakaa katikati ya njia, anainua simu usawa wa macho, na kingo mbili za daraja zinatoka kwenye pembe za chini za picha, zinakimbilia ndani mpaka zinakutana. Daraja lina urefu wa mita 970 na lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake watu walivuka mto Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na msimu wa mvua wengi walikwama ng'ambo wakisubiri maji yapungue. Ni vigumu kupata mstari mrefu na mnyoofu zaidi katika upande huu wa nchi. Hata hivyo picha inayotoka hapo huwa imepooza. Jicho linashika ukingo, linakwenda nao hadi mwisho, na mwishoni halikuti kitu zaidi ya kipande cha lami na anga jeupe.

Nimeanza na daraja kwa sababu somo la mistari hufundishwa vibaya. Mwanafunzi huambiwa atafute barabara, reli, uzio au ngazi, aiweke kwenye picha, basi picha itapendeza. Anatafuta, anapata, anapiga, kisha anashangaa mbona haipendezi. Mstari ni njia, na jicho la mtazamaji ndilo msafiri. Mpiga picha akimpitisha mtu njia ndefu hadi mahali pasipo na kitu, amemchosha bure. Kwa hiyo swali la kwanza, kabla hujafikiria lenzi wala mwanga, ni hili: mstari huu unafika wapi? La pili linafuata hapo hapo: nani aliuchora? Katika delta ya Rufiji wachoraji wakuu ni wawili, maji na mkono wa binadamu, na ukimjua aliyeuchora mstari ni rahisi kujua unakoelekea.

Turudi darajani, safari hii kwa kushuka chini. Madaraja makubwa hulindwa, kwa hiyo uliza kwanza na ueleze unachotaka kufanya. Ukiwa ukingoni mwa mto, daraja halikukimbii tena. Linakatiza picha toka upande hadi upande, na nguzo zake zinapungua ukubwa moja baada ya nyingine kadiri zinavyokwenda mbali. Hapo umbali unapimika, maana jicho linajua nguzo zote zina kimo kimoja, na likiona ya mwisho ni ndogo linaelewa mto ni mpana kiasi gani. Sasa ngoja mtumbwi upite kati ya nguzo mbili za karibu. Safu ya nguzo imepata mahali pa kulipeleka jicho, na yule mvuvi amepata kipimo cha ukubwa wa mahali anapofanyia kazi. Lenzi pana, ambayo ndiyo lenzi kuu ya simu nyingi, itaitanua nguzo ya karibu na kuisukuma ya mwisho mbali sana. Lenzi ndefu hufanya kinyume chake: hulundika nguzo pamoja hadi zionekane zimebanana. Hakuna iliyo bora kuliko mwenzake. Ukitaka kuonyesha upana wa mto chukua ya kwanza, ukitaka kuonyesha uzito wa zege chukua ya pili.

Mfano mzuri wa kungoja namna hii ni picha moja ya mpiga picha Henri Cartier-Bresson, aliyoipiga mjini Hyères, Ufaransa, mwaka 1932. Anatazama chini kutoka juu ya ngazi inayozunguka. Vyuma vya ngazi vinateremka vikijipinda hadi kwenye barabara nyembamba yenye ukingo uliojikunja, na pale hasa mistari inapofikia, mwendesha baiskeli anapita kasi hata umbo lake limefifia. Ukiwa mtupu, mtaa ule ungekuwa mpangilio mzuri wa mistari na basi. Baiskeli ndiyo inayoifanya ngazi iwe na kazi. Sitaki msomaji aige picha hiyo. Nataka aone utaratibu wake: mpiga picha kwanza alipata njia, akaona inakoishia, ndipo akasubiri wa kuikalia.

Sasa twende kwenye delta yenyewe. Kutoka barabara kuu unaingia Bungu, unaelekea mashariki hadi Nyamisati, bandari ndogo ambako vyombo huondoka kwenda Kilindoni, Mafia. Mbele ya gati ndipo yanapoanza makumi ya maelfu ya hekta za mikoko, msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake ulioungana katika pwani ya Afrika Mashariki. Ndani yake mto umegawanyika matawi mengi: Simba Uranga, Kikunya, Suninga, Kiomboni na mengine. Ukiyatazama kutoka ndegeni yanajikunja na kujikunjua, na kila aliyeona picha za angani huja na hamu ya kupiga mikunjo hiyo. Akishapanda mashua haioni. Macho yake yako mita moja au mbili juu ya maji, na kutoka kimo hicho mkunjo wa mto unalala ukawa utepe mwembamba, kijani juu, kahawia chini. Wengine hukata tamaa hapo. Wengine hukimbilia ndege isiyo na rubani, ambayo nchini Tanzania haitakiwi kurushwa bila kibali, na hata ikiwa na kibali huleta picha zinazofanana sana na za mwenzio aliyetangulia.

Dawa ni kungoja maji yapwe. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa katika pwani hii hufika mita tatu hadi nne. Kwa muda wa saa sita hivi mto unateremka kimo cha nyumba, kingo za matope zinatokeza, na juu ya matope hayo kila tone lililobaki linatafuta njia ya kurudi baharini. Linachora. Vijito vyenye upana wa shubiri vinajipinda kushoto na kulia, vinaungana, vinakuwa hori, hori linaingia mtoni. Ni mikunjo ile ile ya angani, imekuja miguuni pako, na kwa kuwa ni midogo, kimo cha mtu aliyesimama kinatosha kuiona yote. Inua kamera juu ya kichwa, ielekeze chini kidogo, kijito kianzie pembe ya chini ya picha na kimalizikie pale mtumbwi ulipokaa juu ya matope ukisubiri maji. Ukichuchumaa mkunjo unapotea, ukisimama unarudi. Sijui mahali pengine panapofundisha upesi hivi kwamba umbo la mstari hutegemea kimo cha kamera.

Jua liwe upande, asubuhi au alasiri. Matope yaliyolowa hung'aa, na kijito kinachobeba rangi ya anga husomeka wazi dhidi ya tope jeusi. Jua la utosini hulifanya tope lote kuwa la rangi moja, na mstari ulio na rangi moja na kinachouzunguka haupo, hata kama wewe uliyesimama pale unauona. Mstari wa picha huzaliwa na tofauti: giza na mwanga, mkavu na majimaji, rangi na rangi.

Hapo ndipo ugumu wa mikoko ulipo. Mkoko wenyewe hushuka kwa mizizi iliyojipinda kama upinde, mmoja juu ya mwingine, na mchu, aina nyingine ya mikoko, huchomoza vijiti vya kupumulia ardhini kwa mamia. Mistari ni mingi mno, na kila mmoja unakwenda kwake. Mtu anapiga pembezoni mwa msitu akidhani wingi utamsaidia, anapata picha ya fujo. Sogea. Chagua mti mmoja, tena mzizi mmoja ulio mbele ya wenzake, ambao nyuma yake pana maji au anga. Utazame kwa karibu: sehemu ya juu ni kijivu kilichokauka, ya chini ina tope lililoshika na chaza waliong'ang'ania, na kati ya sehemu hizo mbili pana alama ya maji makuu ya mwisho, sawasawa kabisa, ikipita kutoka mzizi hadi mzizi na kutoka mti hadi mti msitu mzima. Ukiufuata mzizi kwa jicho kutoka kwenye shina unafika pale unapozama topeni, na hapo mara nyingi pana tundu la kaa. Ngoja kidogo bila kujitikisa, kaa atatoka. Picha yako imekamilika ndani ya eneo la mkeka mmoja.

Historia ya delta ina somo la namna ya peke yake kuhusu mistari inayojificha. Septemba 1914, baada ya kuizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar, manowari ya Kijerumani Königsberg iliingia Rufiji na kujificha ndani ya matawi yake. Meli hiyo ilikuwa na mabomba matatu ya moshi na milingoti mirefu, vitu vinavyosimama wima, na ilikuwa imezungukwa na msitu wa vitu vinavyosimama wima. Mabaharia waliongeza matawi ya miti juu ya milingoti ili ichanganyike zaidi na mikoko. Waingereza waliipata mwishoni mwa Oktoba, lakini hata walipoijua iliko walihitaji ndege za kuwaelekeza wapiga mizinga, maana kutoka baharini jicho halikuwa na cha kushika. Julai 1915 meli za Kiingereza Severn na Mersey ziliishinda. Wajerumani waliitoboa wenyewe, wakaichukua mizinga yake kumi wakapigana nayo nchi kavu. Mmojawapo uko Fort Jesus, Mombasa, hadi leo. Mabaki ya meli yalionekana juu ya maji kwa miaka mingi kabla ya kuzama topeni.

Picha za zamani za mabaki hayo zinastahili kutazamwa na kila mpiga picha. Meli imeinama ubavu, mabomba yake yameegemea upande mmoja, na miti nyuma imesimama wima vile vile. Kile kilichokuwa hakionekani sasa hakiwezi kufichika. Kimebadilika kitu kimoja tu: pembe. Mstari ulioegemea katikati ya mistari iliyosimama huvuta jicho papo hapo, na ndiyo maana mtu aliyeinama kupiga pondo hutokeza vizuri zaidi mbele ya ukuta wa mikoko kuliko mtu aliyesimama wima ndani ya chombo hicho hicho. Mpige anapolisukuma pondo, mwili wake na mti vikiwa vimelala upande mmoja. Sekunde moja baadaye atanyooka, na picha itakuwa imekwisha.

Mkono wa binadamu huchora mistari yake zaidi gatini kuliko mahali pengine. Kwa karne nyingi boriti za mikoko ya Rufiji zilipakiwa majahazini kwenda Zanzibar, Arabuni na nchi za Ghuba, na vyumba vya nyumba za mawe za Waswahili vikawa vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu hivi, kwa sababu urefu wa boriti ndio uliobeba dari. Mstari mmoja uliokatwa matopeni ukaamua upana wa vyumba vya watu wa ng'ambo ya bahari. Siku hizi ukataji unahitaji kibali cha misitu, na hilo ni jambo la haki, kwa kuwa msitu huu ndio unaolea kamba na samaki wa pwani hii. Unapokuta lundo halali likihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, usilipige kwa ubavu. Ubavuni ni mistari mingi iliyolala sambamba bila mwanzo wala mwisho, jicho linateleza na kutoka nje ya picha. Zunguka hadi kichwani mwa lundo. Utaona duara za mikato, nyekundu za miti mibichi na hudhurungi za iliyokaa, na nyuma yake urefu wa boriti ukikimbilia kwa anayehesabu. Kamera ikiwa chini, karibu na mkato mmoja, duara hiyo inakuwa mlango wa kuingilia na mhesabuji anakuwa mwisho wa njia.

Kabla ya yote hayo, salimu. Wilaya za Kibiti na Rufiji zilipita kipindi kigumu cha mauaji, hasa mwaka 2017, na mgeni mwenye kamera anayezunguka vijijini bila kujitambulisha huwatia watu wasiwasi wenye sababu. Anzia ofisi ya serikali ya kijiji, mwamkie mwenyekiti na wazee waliopo, eleza unapiga nini na kwa ajili gani. Hili lina faida kwa picha pia. Watu waliokukubali hawasimami kukukodolea macho, na macho ni mstari. Hauna rangi wala unene, lakini hakuna mstari unaofuatwa haraka kuliko mwelekeo wa macho ya mtu. Mtoto aliyekaa kwenye dungu shambani, akilinda mpunga dhidi ya ndege, akiangalia kulia nje ya picha, anampeleka mtazamaji kulia nje ya picha. Sogea umweke upande wa kushoto, shamba libaki mbele ya macho yake, na ule utupu uliokuwa hauna kazi unakuwa kitu anachokilinda. Nguzo za dungu nazo, zilizosimama wima kwenye bahari ya mpunga ulioinama, zinamshikilia pale juu.

Kwenye maji kuna mstari mmoja unaotawala mingine yote, nao ni upeo. Ukitoka mlango wa Simba Uranga ukaiacha mikoko nyuma, bahari inafunguka na upeo unakata picha nzima bila kizuizi. Ukipinda kidogo tu, bahari inamwagika. Washa mistari ya kupimia kwenye kioo cha simu, ile inayokigawa miraba tisa, na uulinganishe upeo nayo. Chombo kikiyumba, piga kinapofika juu ya wimbi na kutulia kwa nukta moja kabla ya kushuka. Usiuache upeo ukate picha nusu kwa nusu kwa mazoea tu. Mawingu ya masika yakiwa mazito, yape anga theluthi mbili. Anga likiwa tupu na maji yakiwa na michirizi ya mkondo, shusha kamera. Upeo usipite shingoni mwa mtu. Uwe chini ya bega au juu ya kichwa, vinginevyo unamkata.

Mashua yenye tanga huongeza mstari ulioegemea juu ya upeo ulionyooka, na picha chache za pwani ni nzuri kuliko hiyo ikipigwa sawasawa. Foromali, yaani mti unaobeba tanga, inapanda kutoka omoni kwenda juu nyuma, mlingoti umeinamia mbele, tanga limejaa kati yake. Mistari hiyo inasema upepo unatoka wapi na chombo kinakwenda wapi hata kwa mtu ambaye hajawahi kupanda chombo. Acha maji mengi mbele ya omo kuliko nyuma ya tezi, ili chombo kiwe na pa kwenda. Na usikate ncha ya foromali. Mwisho wa mstari huo ndio unaobeba macho juu, na ukiukata umeondoa mwendo wote.

Mistari mingine huchorwa na maji bila mtu kuitaka. Aprili 2024 mto Rufiji ulifurika, mashamba na nyumba nyingi za Rufiji na Kibiti zikaingia majini. Picha nyingi za siku zile zilikuwa za maji mapana na mapaa, na mtazamaji aliye mbali hakuweza kujua kina wala hasara, maana barabara, mipaka na matuta vilikuwa vimefunikwa: hapakuwa na mstari wa kupimia. Maji yakishashuka, ukuta wa udongo hubaki na alama ya kahawia iliyonyooka, sehemu ya chini imelowa na kumomonyoka, ya juu ina rangi yake ya zamani. Mweke mwenye nyumba kando ya alama hiyo, kwa ridhaa yake, kamera ikiwa usawa wa alama yenyewe ili isipinde. Alama ikipita kifuani mwa mtu mzima, hakuna maelezo yanayohitajika chini ya picha. Ni mstari wa kawaida kabisa kwa umbo, umelala tu, na katika yote niliyoitaja ndio wenye ushahidi mkubwa zaidi. Anayeupiga anawajibika kuupiga kwa usahihi: asiinamishe kamera, asichague nyumba moja iliyo bondeni akaifanya kijiji kizima.

Basi bamvua lijalo nenda Nyamisati, au nenda pwani yoyote iliyo karibu nawe yenye matope na mitumbwi. Fika maji yakianza kupwa, chagua mstari mmoja ubaki nao mpaka yarudi, ukibadilisha kimo na upande badala ya kukimbilia kitu kingine. Picha utakayoiona imefika mahali, ichapishe kwenye karatasi uirudishe kwa mwenye mtumbwi, kwa mhesabu boriti, kwa mama wa mtoto wa dunguni. Watu wa delta wamepigwa picha nyingi sana wasizowahi kuziona, na mistari unayoisifia ni kazi ya mikono yao.